Waandishi wa Njia Panda: Ahero, Uwanda wa Kano na Lugha ya Kwanza ya Maandishi

Wanahistoria wa fasihi ya Kiingereza wana desturi ya muda mrefu ya kuihesabu miji yao midogo ya soko kwa waandishi wake. Huuliza nani alizaliwa hapa, nani alikodi nyumba ile, nani alipita akalala usiku mmoja na kuandika barua. Stratford-upon-Avon, alikozaliwa Shakespeare mwaka 1564, ulikuwa mji wa soko tu kabla haujawa mahali pa kuzuru, na miji mingine mingi ya nchi hiyo, iliyo midogo kuliko huo, ina orodha yake ya majina. Makala hii inakusudia kuliuliza swali hilo juu ya Ahero, mji mdogo wa soko katika uwanda wa Kano, karibu na Kisumu. Likiulizwa kama Waingereza waulizavyo, yaani kwa vyeti vya kuzaliwa na vibao vya ukutani, halitufikishi mbali. Lakini tukiuliza ni maneno gani yaliyotoka katika uwanda huu na pwani yake yakaingia katika vitabu, nani aliyeyaandika, na katika lugha gani kwanza, tunakutana na jambo ambalo wanafunzi wa lugha za Kiafrika hawana budi kulitazama kwa makini zaidi kuliko walivyofanya hadi sasa.

Ahero upo yapata kilomita 25 mashariki ya Kisumu, karibu na mto Nyando, mahali ambapo barabara itokayo Kisumu inagawanyika. Tawi moja hupanda kwenda Kericho na hatimaye Nairobi. La pili hushika kusini kwenda Kisii, na kwa kupitia Katito, hadi Kendu Bay. Jina la mji, kwa sikio la msemaji wa Dholuo, husikika kama kitenzi kamili: napenda. Uwanda wenyewe ni tambarare ya udongo mweusi, unaofurikwa na Nyando mvua zikizidi na kupasuka jua likizidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Kenya ilianzisha hapo mradi wa umwagiliaji wa mpunga, na tangu wakati huo mchele wa Ahero umekuwa maarufu kuliko kitu kingine chochote cha mji huo. Sisi tutaupita mchele na kushughulika na njia panda yenyewe, kwa sababu waandishi tutakaowataja walitoka pande zote mbili zake: Asembo, Gem na Maseno upande mmoja, Karachuonyo upande wa pili.

Kiswahili nacho kilifika hapa kwa njia, ingawa ilikuwa njia ya chuma. Reli ya Uganda ilifika ziwani Desemba 1901, baada ya kushuka kutoka nyanda za juu na kuukata uwanda wa Kano kwa Muhoroni na Kibigori. Pamoja na reli walikuja mafundi, askari, wachuuzi na makarani, na lugha waliyokutania ilikuwa Kiswahili, chenye lafudhi za kila namna. Kikawa lugha ya soko, ya stesheni, ya bandari na ya polisi. Hakikuwa lugha ya siwindhe, ile nyumba ya bibi mzee ambamo vijana wa Kiluo walilala na kufundishwa ngano. Wala hakikuwa lugha ya shule za misheni, ambazo zilianza kwa Dholuo na kuendelea kwa Kiingereza. Mgawanyo huo wa kazi kati ya lugha tatu, uliofanyika bila mtu yeyote kuketi na kuupanga, ndio unaoeleza sehemu kubwa ya yale yatakayofuata.

Mwenyeji mashuhuri kuliko wote wa uwanda wa Kano katika fasihi hakuandika neno hata moja. Huyo ni Lwanda Magere, shujaa wa ukoo wa Sidho. Habari zake zinajulikana na kila mtoto wa pwani ya ziwa, na kwa kuwa masimulizi yanatofautiana, tutatoa kiini chake tu. Lwanda Magere alikuwa na mwili usioingiliwa na silaha. Mikuki na mishale ilimgonga ikaanguka. Majirani zake Wanandi, ambao Waluo waliwaita Lang'o, waliposhindwa naye vitani walimpa binti mzuri awe mke, kwa jina la amani. Wazee walimwonya, naye hakusikia. Siku moja aliugua, na dawa ikatakiwa kupakwa katika chale. Mke mkubwa hakuwapo. Yule mke wa kigeni alipojaribu kumchanja, wembe haukuingia. Ndipo mumewe akamwambia akichanje kivuli chake. Akakichanja, na damu ikatoka. Usiku ule mwanamke akatoroka kurudi kwao na siri hiyo. Vita vilipoanza tena, mpiganaji mmoja wa Kinandi aliulenga mkuki wake kwenye kivuli, na Lwanda Magere akaanguka akageuka jiwe. Jiwe hilo huonyeshwa hadi leo katika nchi ya Sidho, upande wa mto Nyando, na husemwa kwamba mwindaji akinoa mkuki wake juu yake hakosi mawindo. Inafaa kukumbuka hapa kwamba neno lwanda katika Dholuo lina maana ya jabali, hivyo kwamba msikilizaji mwenyeji ameambiwa mwisho wa kisa tangu anapolisikia jina.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hataweza kusoma habari hizi bila kumfikiria Fumo Liyongo. Naye hakuingiliwa na silaha isipokuwa kwa jambo moja, yaani sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Naye alisalitiwa na mtu wa nyumbani mwake, mwanawe, aliyeahidiwa makubwa na mtawala. Naye, akiisha kufa, aliendelea kutisha, kwani alikufa kisimani ameshika uta wake na watu wakaogopa kuteka maji. Kulinganisha visa hivi viwili kwa wingi wa mifanano ni kazi rahisi, na imewahi kufanywa madarasani mara nyingi, huku Samsoni wa Biblia akiongezwa ili watatu watimie. Jambo lililo muhimu zaidi kwa makala hii ni tofauti ya historia ya maandishi yao. Kisa cha Liyongo kilichapwa kwa Kiswahili mapema, katika mkusanyo wa hadithi alioutoa Edward Steere mwaka 1870. Na mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu alikitia katika utendi, kwa vina na mizani ya wenyewe, na kwa hati ya Kiarabu iliyotumika pwani kwa karne kadhaa. Mtafiti anayetaka kujua Waswahili walisema nini juu ya Liyongo ana matini ya kuanzia. Wafasiri walikuja baadaye, na kila mmoja wao anaweza kurudishwa kwenye matini hiyo na kuulizwa: neno hili umelipata wapi?

Kwa Lwanda Magere mambo yalikwenda kinyume. Umaarufu wake nje ya Nyanza ulikuja hasa kwa Kiingereza. Alisomwa katika Keep My Words, mkusanyo wa fasihi simulizi ya Waluo uliotolewa na B. Onyango-Ogutu na Adrian Roscoe mwaka 1974. Na mwaka 1991 Okoiti Omtatah alimtolea mchezo wa kuigiza wenye jina lake, kwa Kiingereza vilevile. Omtatah si Mluo, ni mwenyeji wa Busia, na wasomaji wengi wa leo humjua kama mwanaharakati wa mahakamani na seneta wa Busia tangu 2022, wakasahau kwamba alianza kujulikana kama mtunzi wa tamthilia. Hatuna nia ya kuzilaumu kazi hizo. Zimehifadhi mengi na kuyapeleka mbali. Lakini msomaji asiyejua Dholuo akitaka kwenda nyuma yake, hana njia pana kama ile iliyojengwa na Kijumwa.

Hasara inayotokana na hali hiyo inaweza kupimwa kwa neno moja. Katika Dholuo kivuli cha mtu huitwa tipo. Neno hilo hilo hutumika kwa ile sehemu ya mtu isiyoonekana, ambayo hubaki au huondoka mwili unapokufa. Kwa msikilizaji wa Kano, basi, Lwanda Magere hakuwa na udhaifu wa ajabu mahali pasipotarajiwa, mithili ya kisigino cha Akile wa Wayunani. Uhai wake ulikuwa katika tipo, mahali ambapo uhai wa kila mtu upo kwa sehemu; ajabu yake ni kwamba mwili wake ulikuwa jiwe mtupu, na tipo peke yake ndiyo iliyokuwa na damu. Mfasiri wa Kiingereza huandika neno lenye maana ya giza linaloangushwa na mwili mwangani, na kisa chote kikawa kitendawili cha kijanja. Kiswahili je? Tuna kivuli, na tuna uvuli, na katika matumizi ya baadhi ya watu kivuli huweza kugusa habari za mizuka. Hata hivyo hakuna mtu anayesema kivuli akakusudia roho. Pengo linabaki, ingawa si pana kama la Kiingereza. Mfasiri wa Kiswahili atakayeifanya kazi hii angelazimika kuamua kama ataliacha neno tipo lilivyo na kulieleza kwa muktadha, na mwandishi wa makala hii anaona kwamba hilo lingekuwa chaguo la busara.

Sasa tugeukie waandishi. Uandishi wa Dholuo ulizaliwa katika misheni mbili zilizoanzishwa mwaka mmoja, 1906, moja kila upande wa njia panda yetu. Waanglikana walifungua shule Maseno. Waadventista Wasabato walijenga Gendia, karibu na Kendu Bay, na kuanzia 1913 wakawa na mtambo wao wa kupiga chapa. Agano Jipya zima lilitoka kwa Dholuo mwaka 1926 na Biblia kamili mwaka 1953. Katika miaka hiyo hiyo wenyeji wenyewe walianza kuandika yasiyo ya dini. Mkubwa wao ni Paul Mboya, mchungaji wa Kisabato aliyekuja kuwa chifu wa Karachuonyo, ambaye mwaka 1938 alitoa Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu cha desturi na mwenendo wa Waluo: ndoa, mazishi, ujenzi wa boma, kilimo, vita, miiko. Wasomi wa anthropolojia wamekitumia kitabu hiki kama ghala la habari, na mara nyingi wameishia hapo. Mwenye kukisoma kwa jicho la lugha ataona kwamba ni jengo la nathari. Mboya hakuwa na kielelezo cha nathari ya Dholuo isipokuwa tafsiri za Injili, naye aliiacha sauti ya Injili akaichukua sauti ya mzee anayewaagiza vijana, yenye sentensi fupi za sharti na tokeo: ukifanya hivi, litakuwa hivi.

Miaka 15 baadaye Shadrack Malo alitoa Dhoudi mag Central Nyanza, yaani koo za Nyanza ya Kati, kwa msaada wa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki. Ni kitabu cha nasaba na mahamio, kikavu kwa msomaji wa kawaida. Lakini vitabu vya aina hii ndivyo vilivyomsaidia Bethwell Ogot wa Gem, mwanafunzi wa zamani wa Maseno, kuthubutu kuandika History of the Southern Luo, iliyochapishwa mwaka 1967 na kuonyesha kwamba masimulizi ya mdomo yakipimwa vizuri ni ushahidi wa historia. Inafaa pia kutaja, kwa kupita, kwamba mwaka 1959 shirika lilelile lilitoa vijitabu vya elimu ya watu wazima viitwavyo Otieno Jarieko, kimojawapo kikiwa juu ya njia bora za kulima. Mwandishi wake alikuwa Barack Obama wa Alego, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Umaarufu wa mwana umewafanya watu wavitaje vijitabu hivyo bila kuvisoma.

Mke wa Bethwell Ogot, Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930, ni mwandishi ambaye njia yake inatufaa zaidi. Alisomea uuguzi Mengo, Uganda, na baadaye Uingereza. Mwaka 1962 alikuwa miongoni mwa wachache wa Afrika Mashariki waliohudhuria mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere, mkutano ambao tangu siku hizo umelaumiwa kwa kuwaalika walioandika kwa Kiingereza na kuwaacha nje waliotunga kwa lugha za Kiafrika. Alisoma hapo hadithi yake ya msichana anayetolewa sadaka ziwani ili mvua inyeshe. Zikafuata The Promised Land mwaka 1966, riwaya ya mkulima wa Nyanza anayehamia Tanganyika kutafuta ardhi, na Land Without Thunder mwaka 1968. Kufikia hapo alikuwa mwandishi wa Kiingereza mwenye jina. Ndipo akageuka. Mwaka 1981 alitoa vitabu vya Dholuo, kikiwemo Ber Wat, na mwaka 1983 riwaya fupi ya Miaha.

Historia za fasihi ya Kenya huisimulia zamu hii ya kurudi kwenye lugha za mama kama kwamba ni ya mtu mmoja, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetoa Caitaani Mũtharabainĩ kwa Kigikuyu mwaka 1980 na kuitetea hoja yake kwa nguvu hadi alipofariki mwaka 2025. Hakuna anayeweza kuupunguza ukubwa wa Ngũgĩ katika jambo hili. Lakini Grace Ogot alifanya jambo hilo hilo katika kipindi hicho hicho, bila ilani na bila kufungwa, huku akiwa mtu wa karibu na serikali. Na kwa sababu hakuandika nadharia juu yake, wahakiki hawakuwa na la kunukuu. Huu ni udhaifu wa uhakiki wetu, unaoziona hoja kwa urahisi kuliko unavyoviona vitabu.

Miaha yenyewe inasimulia habari za zama ambazo jembe lililima lenyewe, mtu akilibeba tu hadi shambani na kuliacha. Bibi arusi mgeni anavunja mwiko, analipiga jembe ardhini kwa mikono yake, na tangu siku hiyo binadamu anakula kwa jasho. Okoth Okombo, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi ambaye wasomaji wa jarida kama hili watakuwa wanamjua kwa kazi yake ya mofofonolojia ya Dholuo, aliifasiri kwa Kiingereza, na tafsiri ikatoka mwaka 1989 kwa jina la The Strange Bride. Jina la Dholuo halina neno la kumaanisha ajabu wala ugeni. Miaha ni bibi arusi, basi. Kivumishi kimeongezwa kwa ajili ya msomaji wa Kiingereza, na kimehukumu kabla ya kisa kuanza: yule bibi arusi ni wa ajabu, kwa hiyo kosa ni lake. Katika Dholuo msomaji anaachwa apime mwenyewe kama aliyeleta kazi duniani aliwadhuru wanadamu au aliwafungua. Kiswahili kingeweza kuliacha jina uchi kama lilivyo. Bibi Arusi lingetosha.

Kwa upande wa uchapishaji kuna jambo ambalo pengine ndilo kubwa kuliko yote katika habari hizi. Vitabu vya Dholuo vya miaka ya 1980 havikuhitaji kungoja wachapishaji wa Nairobi, ambao hesabu zao za soko ziliegemea shule. Kisumu palikuwa na Anyange Press, iliyohusiana na akina Ogot, ambayo mwaka 1983 ilikitoa tena kile kitabu cha Paul Mboya, kikiwa na umri wa miaka 45. Na palikuwa na Asenath Bole Odaga. Huyu, aliyezaliwa mwaka 1937 na kufariki mwaka 2014, aliandika vitabu vya watoto, riwaya, mikusanyo ya ngano na vitabu vya kufundishia fasihi simulizi, kikiwemo Yesterday's Today cha mwaka 1984. Mkusanyo wake wa mwaka 1980 aliuita Thu Tinda!, kwa fomula ambayo msimulizi wa Kiluo huifungia hadithi yake. Alianzisha Kisumu kampuni ya Lake Publishers and Enterprises na kuendesha duka la vitabu. Mwaka 2005 alitoa kamusi ya Dholuo na Kiingereza.

Tunapaswa kuituliza macho yetu kwa Odaga kidogo. Mwandishi ambaye ni mtafiti, mchapishaji na mwenye duka kwa wakati mmoja huonekana kama mtu anayefanya mambo mengi kwa kukosa msaada, na bila shaka ilikuwa hivyo kwa sehemu. Lakini matokeo yake ni kwamba kitabu cha Dholuo kiliweza kuandikwa, kupigwa chapa na kuuzwa ndani ya mji mmoja, na msomaji wa Ahero akakipata kwa nauli ya matatu ya kwenda Kisumu na kurudi. Miji ile midogo ya Kiingereza tuliyoanza nayo haikupata waandishi kwa sababu ya hewa yake. Ilikuwa na mpiga chapa, muuza vitabu, na mteja aliyejua kusoma lugha iliyoandikwa. Shakespeare mwenyewe, pamoja na sifa zote za Stratford, alilazimika kwenda London kwenye majumba ya michezo na wapiga chapa.

Kisumu pia palivuta wageni. Okot p'Bitek, aliyekwisha kupata sifa kwa Song of Lawino ya mwaka 1966, alikuja mwishoni mwa miaka ya 1960 kama mkufunzi wa masomo ya nje ya chuo kikuu, na mwaka 1968 akaanzisha hapo tamasha la sanaa. Kiacholi chake na Dholuo ni lugha za ukoo mmoja, hata msemaji wa moja huishika nyingine kwa sehemu. Hivyo Okot alipowaita wapiga nyatiti na wachezaji wa vijijini waje mjini waonekane kuwa wasanii, hakuwa mgeni kamili. Wer pa Lawino, matini ya Kiacholi iliyotangulia ile ya Kiingereza kutungwa, ilitolewa kitabu mwaka 1969. Hapa tena tunaona matini ya kwanza ikiifuata tafsiri yake kiwandani, kama mzazi anayezaliwa baada ya mtoto.

Marjorie Oludhe Macgoye alitoka mbali zaidi. Alizaliwa Southampton mwaka 1928, akaja Kenya mwaka 1954 kama muuza vitabu wa misheni, akaolewa na daktari Mluo mwaka 1960 na kuishi Kisumu kwa miaka. Shairi lake kubwa, Song of Nyarloka, lina katika jina lake neno la Dholuo la kumwita mwanamke atokaye ng'ambo ya maji. Riwaya yake ya Coming to Birth, ya mwaka 1986, inamfuata Paulina, msichana wa Kiluo anayesafiri kwenda Nairobi kwa mumewe mwaka 1956, na baadaye kumpoteza mwanawe mdogo katika risasi zilizofyatuliwa Kisumu mwaka 1969, siku ambayo Rais Kenyatta alikuja kufungua hospitali. Macgoye aliandika kwa Kiingereza na hakujidai vinginevyo. Lakini alipofika kwenye maneno yasiyovuka, hakuyavusha. Riwaya yake ya mwaka 1997 inaitwa Chira. Neno hilo linamaanisha dhara limpatalo mtu, au nyumba yake, kwa sababu ya mwiko uliovunjwa. Kiswahili kina laana, lakini laana huhitaji mwenye kulaani. Kina mwiko, lakini mwiko ni katazo na si tokeo lake. Chira huja yenyewe. Mgeni kutoka Southampton aliona kwamba neno halina mwenzake akaliacha lisimame, jambo ambalo wenyeji wanaoandika Kiingereza wamelifanya kwa kusitasita zaidi.

Tumebakiwa na suala la Kiswahili, na hapa ni vema tuvuke ziwa. Kwenye maji hayo hayo, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Myombekere na Bugonoka. Hakupata mchapishaji wa lugha hiyo. Miaka mingi baadaye aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwandishi akafariki mwaka uliofuata. Kisiwa hicho hicho ndicho alikozaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944, ambaye alianza moja kwa moja kwa Kiswahili na Rosa Mistika mwaka 1971. Gabriel Ruhumbika, wa kisiwa hicho pia na wa ukoo wa Kitereza, aliifasiri kazi ya mzee huyo kwa Kiingereza mwaka 2002, na akafasiri kutoka Kikerewe.

Tofauti ya pwani hizi mbili haiwezi kuelezwa kwa mapenzi ya watu. Mtoto wa Ukerewe alikuta Kiswahili shuleni, katika siasa na katika nyumba za uchapaji. Mtoto wa Kano alikikuta stesheni na sokoni. Kenya ilikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi kuanzia mfumo wa elimu wa mwaka 1985, baada ya waandishi wetu wengi kuwa wamekwisha kujenga mikono yao. Wale waliotaka kusikika nje ya Nyanza walishika Kiingereza. Wale waliotaka kusikika nyumbani walishika Dholuo. Na Kiswahili, kilicho jirani ya wote wawili, hakikuombwa kazi.

Tofauti hiyo ina gharama kwa pande zote. Kitereza alipata Kiswahili lakini Kikerewe chake kilikaa bila kuchapwa, kwa hiyo wasomaji wengi wameijua riwaya yake kupitia lugha ya pili ya mwandishi. Mboya alipata Dholuo chake, kikachapwa mapema na kikachapwa tena, lakini jirani yake Mkisii au Mnandi hakuweza kukisoma. Tafsiri ya Kiingereza ya Jane Achieng ilitoka mwaka 2001, miaka 63 baada ya kitabu chenyewe. Kwa maoni yetu njia ya Mboya ndiyo iliyo salama zaidi kwa elimu, maana tafsiri iliyochelewa huweza kufanywa wakati wowote, lakini matini ya kwanza iliyokosekana haifasiriki. Ndiyo maana kazi ya kisa cha Lwanda Magere haina budi kuanza kwa Dholuo: masimulizi ya Sidho yaandikwe kama yasemwavyo, kila lahaja ya kisa kwa upande wake, tipo ikiitwa tipo, na yaandikwe pia yale ya Wanandi, ambao kwao binti yule aliyechanja kivuli hakuwa msaliti hata kidogo. Tafsiri ya Kiswahili iwekwe ukurasa wa pili, ubavuni mwa matini, ili msomaji wa Utendi wa Fumo Liyongo aweze kuzisoma zote mbili kwa mstari.